Safu ya Ushauri: Wanja Nyuma ya Lenzi

Lenzi ya miwani humwezesha mvaaji kuwaona watu, na papo hapo huwabadilishia watu jicho la mvaaji. Kazi ya kwanza hulipiwa dukani. Ya pili hutolewa bure, na ndiyo inayoijaza safu hii barua. Lenzi za kutoa, wanazopewa wasioona mbali, hulipunguza jicho. Lenzi za kujumlisha hulikuza. Kiasi chake hutegemea namba ya lenzi na umbali wake kutoka jichoni. Kwa umbali wa milimita 12, lenzi ya −6 hulifanya jicho lionekane dogo kwa takriban asilimia 7, na ya +4 hulikuza kwa takriban asilimia 5. Kwa hiyo kabla ya kununua brashi wala poda, mwenye miwani aijue namba yake.

Mfano ni msomaji anayejiita Macho Madogo wa Tanga. Namba yake ni −5, na kila asubuhi huzungusha wanja mweusi mzito juu na chini ya jicho ili lionekane kubwa. Kazini anaulizwa kama amelala vizuri. Waulizaji wasilaumiwe: mstari mweusi unaolizunguka jicho zima hulifunga, na lenzi ya kutoa hulifinya lililokwisha fungwa. Mwenye namba kama hiyo hupaka rangi nyepesi juu ya kope, kisha mstari mwembamba kwenye mizizi ya kope za juu pekee, kuanzia katikati kuelekea pembe ya nje. Ukingo wa ndani wa kope ya chini hupakwa penseli ya rangi ya maziwa, isiwe nyeupe pe. Wanja wa unga unaouzwa bila lebo usifike humo kabisa, kwani baadhi husagwa kutokana na galena, ambayo ni madini ya risasi.

Bundi wa Morogoro ana shida iliyo kinyume. Lenzi zake ni za kujumlisha, na analalamika kwamba mkwe wake aliliona donge la maskara kutoka upande wa pili wa meza. Mkwe hakuwa na macho makali kupita kiasi. Alisaidiwa na lenzi. Kila kilicho nyuma ya lenzi hiyo hukuzwa, pamoja na mstari uliopinda na rangi isiyosambazwa vizuri. Rangi tulivu zisizometameta humfaa zaidi, na kope zichanwe kwa brashi kavu na safi kabla maskara haijakauka.

Swali gumu kuliko yote ni la kioo: miwani ikivuliwa mpakaji haoni, ikivaliwa hana pa kupaka. Hapa sheria ya kioo bapa husaidia kuliko dawa yoyote ya dukani. Sura huonekana nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao uso upo mbele yake, hivyo aliyekaa sentimita 20 kutoka kwenye kioo anatazama kitu kilicho umbali wa sentimita 40. Mwenye −4 aliyevua miwani huona sawasawa mpaka sentimita 25 tu. Basi hana budi kukisogelea kioo hadi sentimita 12 na nusu. Mwenye −6 hubakiwa na sentimita 8 hivi, na hapo mkono wenye brashi unapigania nafasi na pua.

Wengi wao hukimbilia kioo cha kukuza, na ni pesa iliyopotea. Kioo hicho huikuza sura kwa kuisukuma nyuma zaidi, mahali ambapo asiyeona mbali hapafikii, naye hupata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Kinachomfaa ni kioo kidogo bapa cha kushika mkononi, au lenzi za kuvaliwa ndani ya jicho kwa siku za shughuli. Hizo huvaliwa kabla ya kujipamba na kutolewa kabla ya kufuta uso.

Kioo cha kukuza ni cha watu kama Mama wa Bibi Harusi wa Kigamboni, ambaye aliona vizuri maisha yake yote hadi alipovuka miaka 40, umri ambao jicho huanza kushindwa kulenga vitu vya karibu. Kwake yeye, sura iliyosukumwa nyuma ni neema. Ipo pia miwani ya kujipambia, yenye lenzi zinazofunuka moja moja: jicho moja linatazama huku jingine likipakwa. Muundo wake hauna mvuto hata kidogo, lakini hakuna anayetoka nayo nje ya chumba cha kulala.

Baada ya macho huja pua. Mpeleka Malalamiko wa Mombasa anaripoti madoa mawili ya duara yanayobaki puani kila anapovua miwani, na anashuku fondesheni feki. Huenda ni halisi. Jasho na mafuta ya ngozi huilainisha, vishikio vya puani huisugua, na fremu iliyolegea huteleza na kuisugua tena. Fondesheni ipakwe kidogo sana mahali hapo, au isipakwe kabisa, kisha poda igandamizwe kwa sponji na kuachwa itulie kabla ya kuvaa miwani. Fremu ikizidi kuteleza, duka la miwani huikaza kwa dakika chache. Madoa yakiwasha na kutoa vipele, hasa kwa fremu ya chuma, yafaa kushuku nikeli badala ya vipodozi.

Kope za bandia zinahitaji kipimo kimoja tu: mvaaji apepese macho akiwa na miwani. Zikigusa lenzi ni ndefu mno, hata kama mpambaji wa saluni ameapa kwamba ndizo zinazovaliwa mwaka huu. Kope za asili zinazogusa lenzi hukunjwa juu kwa kikunja kope kabla ya maskara, na maskara hupakwa zaidi kwenye mizizi kuliko kwenye ncha. Mwenye chokea asipake chochote jichoni mpaka apone, na maskara aliyokuwa akiitumia itupwe.

Kwa wanaojiandaa kwa sendofu na harusi, lenzi zenye tabaka la kuzuia mwakisi humsaidia mpiga picha kuliko maombi. Lenzi zinazobadilika rangi, kwa upande wake, hugeuka nyeusi juani, na bibi harusi huonekana kwenye picha za bustanini kama mlinzi wake mwenyewe. Manukato na dawa ya kupuliza nywele hutangulia, miwani huvaliwa mwisho, la sivyo matone huganda kwenye lenzi.

Usafi unahitaji maneno machache: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha kitambaa laini cha miwani. Ncha ya kanga hubeba vumbi linaloweza kukwaruza lenzi.

Barua ya mwisho ilifika na lenzi ndani ya bahasha. Mtumaji alifuta doa la wanja kwa asetoni ya kutolea rangi ya kucha, na sasa anauliza jinsi ya kuondoa ukungu. Asetoni huharibu plastiki ya polikaboneti na pia fremu za asetati, na ukungu huo umo ndani ya lenzi yenyewe, hauondoki. Anahitaji lenzi mpya. Ile ya zamani itarudishwa kwa posta, gharama juu yake.