Barua ya wazi kwa Wizara ya wanyama wa karatasi

Kwa Wizara ya Mazingira na Maendeleo Endelevu, Kinshasa.

Mtia sahihi hapa chini ni mkazi wa Lubudi, jimbo la Lualaba, ambaye majirani humletea mbwa waliogongwa na malori, bundi walioshutumiwa uchawi na, mara moja moja, kima mwenye alama ya kamba kiunoni. Mchana huwauguza, usiku huandika habari zao. Safari hii halalamiki. Anaipongeza Wizara kwa jinsi inavyowatunza wanyama wa karatasi.

Ushahidi uko mfukoni. Noti ya faranga 1000 ina okapi, ya 5000 ina pundamilia, ya 10,000 nyati, ya 20,000 twiga. Kichwa cha chui kimetulia kwenye nembo ya taifa, na timu ya kandanda hucheza kwa jina lake. Wote wana ulinzi wa kutosha: ukiwaghushi, unafungwa. Kisha kuna pundamilia wa nyama na damu, kundi la mwisho la porini katika nchi nzima, wanaolisha kwa jirani zetu wa Hifadhi ya Taifa ya Upemba. Idadi yao haifiki 200. Mama anayeuza samaki wa Bukama hapa sokoni, siku ya mshahara wa mgodi, huhesabu pundamilia wengi kuliko hao, tena wa kwake hawakimbii.

Upemba yenyewe ilianza kama karatasi, mwaka 1939, enzi za Wabelgiji. Kati ya 1946 na 1949 mtaalamu wao, Gaston-François de Witte, aliizunguka akikusanya kila kilichotambaa, kilichoruka na kilicholala, na vielelezo vikapelekwa Ubelgiji. Swala mmoja wa mabwawa ya Kamolondo alikaa kwenye makabati ya makumbusho mpaka mwaka 2005, alipotambuliwa kuwa spishi ya peke yake, lechwe wa Upemba. Yaani alisubiri karibu miaka 60 apate kitambulisho. Sisi tunaojitambulisha kwa kadi ya mpiga kura tunamwelewa kabisa, hatuna neno. Picha yake ya kwanza akiwa hai ilitangazwa mwaka 2025, baada ya watafiti kuruka na ndege juu ya mabwawa na kuona 10 tu. Wanakadiria waliobaki hawafiki 100. Jina amepata, picha amepata. Imebaki hati ya kifo, na hiyo Wizara tafadhali isiiharakishe.

Maana Wizara ikiamua kuharakisha, inaweza.

Juni 2018, waziri wa wakati ule alitia sahihi barua ya kuikubalia kampuni moja ya China wanyama wafuatao: bonobo 16, sokwe 16, nguva 8, pamoja na okapi na gorila wa milimani kadhaa, waende kuishi katika bustani mbili za wanyama huko China. Mtia sahihi ameona orodha za harusi Kolwezi, za soda na za kuku, lakini hajaona iliyopangika hivyo. Bonobo na okapi hawaishi porini katika nchi nyingine yoyote duniani. Gorila wa milimani hawafugwi katika bustani yoyote ya wanyama, popote. Hayo hayakuizuia kalamu. Watetezi wa wanyama walipiga kelele ndani na nje ya nchi, kama kawaida yao ya kuharibu sherehe za watu.

Wizara itasema: kama wanyama wanahitaji malezi, si wapo watu wa kujitolea? Wapo. Franck na Roxane Chantereau walianzisha makao ya J.A.C.K. mjini Lubumbashi mwaka 2006, ya kuwapokea sokwe wadogo walionyang'anywa kutoka kwa wafanyabiashara. Huku kwetu sokwe huitwa sokomutu, na hiyo “mutu” iliyo mwishoni si bure. Mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne hadi mitano, akiwa ameng'ang'ania manyoya ya mama yake. Ili umpate, mama lazima auawe, na mara nyingi wenzake wanaomtetea pia. Kwa hiyo kila mtoto anayefika Lubumbashi ndani ya boksi ni msiba wa ukoo mzima. Mwaka ule ule wa 2006 mtu alichoma moto nyumba ya kulala ya sokwe hao, na wawili wakafa.

Usiku wa kuamkia 9 Septemba 2022 wezi waliingia makaoni hapo. Waliondoka na watoto wa sokwe watatu, César, Hussein na Monga. Wengine wawili walipatikana wamejificha jikoni. Baadaye Roxane alipokea kwenye simu video ya wale watatu, pamoja na madai ya fedha nyingi na vitisho juu ya watoto wake mwenyewe. Wachantereau walikataa kulipa. Kutekwa ili ndugu zako wadaiwe pesa ni jambo ambalo raia wa mashariki ya nchi hii wamelizoea kwa miaka mingi. Hapo angalau mnyama wa Kongo amepewa haki sawa na mwananchi, na pongezi hiyo nayo ipokelewe.

Pongezi nyingine iende kwenye bariere zetu. Mama mwenye mfuko mmoja wa makaa husimamishwa kila kizuizi, na makaa hayapigi kelele. Mwaka 2020 lori lililobeba kima wa Kongo lilipita huku kote, likavuka Zambia nzima, ndipo likakamatwa Chirundu, upande wa Zimbabwe. Kima 25 walirudishwa mwaka 2021 na kupokelewa na nani? Na J.A.C.K. hao hao.

Na Wizara isisahau mtumishi wake, Rodrigue Katembo. Alirekodi kwa siri rushwa ya wasaka mafuta kule Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mwaka 2013 akakamatwa na kuteswa siku 17, kisha akapelekwa kuongoza Upemba. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Tuzo hiyo hutolewa San Francisco. Mtia sahihi anataja mji tu, asije akadhaniwa anamaanisha Kinshasa.

Maombi ni machache. Wizara iwaambie wananchi uchunguzi wa wizi wa Septemba 2022 uliishia wapi. Itangaze hadharani kila kibali cha kumtoa mnyama nchini kabla wino haujakauka, si baada ya ndege kuondoka. Iwapelekee walinzi wa Upemba buti, mafuta ya gari na mishahara kwa wakati, na ikiwezekana mishahara hiyo ilipwe kwa noti za 5000, ili nao wawaone pundamilia kwa wingi.

Majibu yatumwe Lubudi, kwenye reli ya kutoka Tenke kwenda Bukama. Treni hupita siku inapoweza.