Bembea ya Baba Watoto

Baba watoto huendesha lori la mizigo kati ya Thika na Mombasa, na mgongo wake ndio unaolisha nyumba hii. Kwa hiyo alipokuja na habari kwamba wanaume wa kanisa wanapanga kwenda kulala Kilimambogo na vijana, akaongeza kwamba hatalala chini ndani ya hema, sikubishana naye. Alitaka kushona bembea ya kulalia, aifunge kati ya miti miwili, anyooshe mgongo chini ya nyota. Nikafungua kabati nikampa shuka, ile nzito ya pamba, maana nilitaka afaulu.

Mlima Kilimambogo tunauona kutoka hapa Witeithie asubuhi isiyo na ukungu, upande wa macheo. Ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967, kilele chake kinapita mita 2,100, na usiku wa Julai baridi ya huko haina huruma. Tukakubaliana aijaribu bembea nyumbani kwanza, kwenye ploti, ili ikileta shida ilete hapa penye chai na maji ya moto.

Alikunja ncha za shuka, akazifunga kwa kamba ya manila. Upande mmoja aliufunga kwenye mgrevilea ulio kando ya ua, na upande wa pili kwenye mlingoti wa kamba ya kuanikia nguo, bomba la chuma lililosimikwa kwa saruji tulipohamia. Alipolala, shuka ilimkunja kama ndizi. Kidevu kiligonga kifua, mabega yakabanwa, na magoti yakalazimishwa kunyooka kinyume. Alitoka akiushika mgongo uleule aliokusudia kuupumzisha.

Kila aliyekuwepo alitoa dawa ileile: kaza kamba. Jirani wa ploti ya pili alisema hivyo. Kifunguamimba wetu, aliye Gredi ya 8, alisema hivyo. Kwa macho ina maana kabisa, kwani kitambaa kikilegea kinapinda, na kikivutwa kinanyooka. Wakavuta wanaume wawili, mguu mmoja umekanyaga shina la mti, hadi shuka ikalia ukiigonga kwa kidole.

Ilikuwa Jumapili alasiri, na kamba ya nguo ilikuwa imebeba sare zote za shule za wiki nzima. Baba watoto aliketi polepole, akainua miguu. Mlingoti haukuvunjika. Uliinama. Upande wetu una udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuwa uji mvua ikinyesha, na mvua ilikuwa imenyesha. Niliona saruji ikichomoka ardhini nzima nzima, duara kama sufuria ya ugali, na mlingoti ukaja chini na mashati meupe, sketi, soksi na taulo, juu ya mtu aliyekuwa tayari ameketi matopeni. Watoto walipiga mayowe. Mimi nilikimbilia kichwa chake kwanza, nguo baadaye. Alikuwa mzima.

Jioni ile, sare zikiwa zimerudi kwenye beseni, kijana alileta kipimapembe kutoka kwenye seti yake ya hesabu. Alifunga uzi na nati katikati, akapima mwinamo wa kamba kwa alama zilizobaki mtini. Kamba ilikuwa imeinama digrii 10 tu kutoka usawa wa ardhi. Hapo ndipo penye siri nzima, na ningependa kila anayefikiria kufunga bembea aisome mara mbili. Mtu wa kilo 80 akilala kwenye bembea ambayo kamba zake zimeinama digrii 30, kila kamba inavutwa kwa nguvu ya kilo 80. Ukizikaza hadi digrii 10, kila kamba inavutwa kwa kilo 230. Uzito wa mtu haujaongezeka hata gramu. Ni kule kunyoosha ndiko kunakozaa nguvu, na nguvu hiyo huenda kutafuta kilicho dhaifu: mshono, fundo, au mlingoti wa nguo.

Baba watoto hakukata tamaa. Aliwahi kuona bembea za hoteli za pwani, zilizotanuliwa kwa vijiti kila upande, bapa kabisa. Akakata mpini wa jembe vipande viwili, akatoboa matundu, akapitisha kamba. Safari hii alifunga kwenye mgrevilea na mwavokado, miti yenye mizizi. Ilipendeza kuitazama. Lakini bembea bapa haimkumbatii mtu. Mwili unakaa juu ya kitambaa badala ya kuzama ndani, na ukigeuka kidogo tu, yote inapinduka. Aligeuka kupokea simu. Simu ilipatikana kwenye sukuma wiki, na mwenyewe kando yake.

Aliyetuokoa ni Shosho, mama yake, aliyekuwa amekuja kutoka Gatanga kupimwa macho. Shosho amesuka viondo vya mkonge maisha yake yote, na kamba anaijua kwa vidole. Aliipapasa shuka, akapima kwa mikono, akauliza, "Baba, hiki kitambaa umekikata wapi?"

"Sijakikata, mama. Ndio urefu wake."

"Basi ni kifupi. Kiondo kifupi hakibebi mzigo mrefu."

Kisha akaonyesha mgrevilea. Manila nyembamba ilikuwa imeuma ganda la mti mpaka utomvu unatoka. "Kuni tulizibeba kwa mukwa," alisema, "ngozi pana hapa kwenye paji. Ungebeba kwa kamba ya hivi ungekatika kichwa. Mti nao una ngozi."

Lori lilikuwa na jibu. Mikanda mipana ya kufungia mizigo, iliyochakaa kwa kazi ya barabara lakini imara kwa mtu mmoja, ikachukua mahali pa manila kwenye miti. Mimi nilishuka Thika kwa mshona ovaroli, nikanunua mita tatu na nusu za kitambaa kizito cha pamba, upana mita moja na nusu. Fundi alikunja upindo kila ncha, akaushona mara mbili kwa uzi wa mahema, na ilipotoka mikononi mwake ilikuwa na urefu wa mita 3. Vijiti tulivirudisha kwenye kuni.

Watu wa Yucatán na Brazili, ambako bembea hulaliwa usiku kucha badala ya kitanda, hawatumii vijiti. Columbus alizikuta visiwani Karibi mwaka 1492, na mabaharia wa Ulaya wakazichukua kwa meli zao. Watu hao wa Yucatán na Brazili hulala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili wa mstari wa katikati. Kitambaa kinalegea makusudi, na mwili ukilala mshazari unapata ubapa wake wenyewe. Ili ulegevu usibadilike kila inapofungwa, kijana alipitisha kamba nyembamba juu, ncha hadi ncha, ya mita 2.5 kwa kitambaa cha mita 3. Kamba hiyo pia ndiyo inayobeba chandarua, na Witeithie bila chandarua hulali.

Baridi ndiyo iliyobaki. Usiku wa kwanza aliotandika blanketi ndani, aliingia chumbani saa nane akitetemeka mgongo. Blanketi likilaliwa linabanwa, hewa inayotunza joto inatoka, na upepo unapita chini bure. Shosho alilitoa, akalitundika nje, chini ya bembea, likining'inia bila kubanwa. Usiku uliofuata baba watoto alilala mpaka muadhini wa msikiti aliposikika, na asubuhi aliinama kufunga viatu bila kushika ukuta. Mimi nililiona hilo, na lilinitosha.

Ukishona yako, mpendwa msomaji, ifunge kimo cha kiti, isizidi. Tumia mti ulio hai wenye shina nene au nguzo ya nyumba iliyojengwa kubeba uzito. Keti kwanza, tulia, sikiliza mishono, ndipo uinue miguu. Na watoto wasipande kabla mtu mzima hajaijaribu.