Laini Nne, Mikonga Sita, na Hakuna Aliyepokea

Washairi wa pwani wamelisifu jahazi, wameusifu mnazi, wamewasifu mashujaa na mabibi harusi. Vijana wa leo wanaisifu simu ya mkononi hadi wanalala nayo chini ya mto. Lakini yupo mtumishi mmoja wa maofisini ambaye hajapata hata ubeti mmoja wa shukrani: simu ya mezani isiyo na waya, ile yenye laini mbili au nne kwa pamoja, kitako kimoja kilichochomekwa ukutani na mikonga mitano au sita iliyotawanyika vyumba vyote. Watu wameilipa kwa masimango. Wanasema inapotea, inazima katikati ya maneno, inamuunganisha mteja na mtu aliyehama ofisi mwaka juzi. Sibishi hata moja katika hayo. Ninachosema ni kwamba hizo ndizo sifa zake, na wanaoilaumu hawajaelewa imeajiriwa kufanya kazi gani.

Tukumbuke kwanza ilikotutoa. Simu ya zamani ilifungwa mezani kwa waya, na karani akafungwa kwenye simu. Wenye umri wanaikumbuka ile ya kuzungusha, nyeusi, nzito, yenye kufuli dogo lililopachikwa kwenye tundu la namba, na ufunguo umo mfukoni mwa mkubwa. Wanawakumbuka pia wajuzi waliogonga kitufe cha kukatia: mara tatu kwa tatu, mara saba kwa saba, mara kumi kwa sifuri, hadi simu ikaita Tanga na kufuli liko palepale linang'aa. Mitambo ya enzi hizo ilihesabu mikatiko ya umeme tu. Kama mkatiko umetoka kwenye duara la namba au kwenye kidole cha karani aliyemkumbuka mchumba wake, haikuuliza.

Miongoni mwa waliotukatia kamba ni Mmarekani George Sweigert wa Ohio, mpenzi wa redio za ridhaa, aliyeomba hataza ya simu isiyo na waya mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Ikawezekana mtu ashike simu na kuondoka nayo. Ikawezekana pia aiache huko alikokwenda. Mikonga ya ofisi hupatikana juu ya friji, kwenye dirisha la choo, ndani ya droo ya fomu za likizo, na wakati mwingine kwenye gari la dereva aliyekwishavuka Kibaha. Mkonga wa namna hii uko nje ya masafa, ndiyo, lakini hata ungebaki mezani usingepokelewa, kwa hiyo hasara haipo.

Hapa ndipo penye utukufu wenyewe. Chukua ofisi ya wakala wa forodha pale Dar es Salaam, yenye wafanyakazi saba. Ikiwa na simu moja ya waya, simu isiyopokelewa ina mwenyewe: ni yule aliyekaa karibu nayo, akaitazama ikilia, akaendelea na chapati yake. Aibu inajulikana ilipo. Iwekee ofisi hiyohiyo laini nne na mikonga sita, na aibu haina pa kutua. Simu inalia vyumba vyote kwa pamoja. Kila mtu anaisikia na kila mtu ana hakika kwamba mwenzake amekwisha kunyoosha mkono. Mchana mteja anafika mwenyewe, jasho linamtiririka, kontena lake linazidi kuhesabiwa gharama bandarini.

"Nimepiga tangu saa tatu!"

"Pole sana, baba," anasema dada wa mapokezi. "Mimi nilijua Hamisi amepokea."

"Shikamoo, mzee," anasema Hamisi. "Nilisikia imenyamaza, nikajua dada kaichukua."

Mhasibu anachungulia mlangoni kueleza kwamba mkonga wake haukulia kabisa, hauna chaji tangu Ijumaa. Wote watatu wanasema kweli. Ni chombo gani kingine kimeweza kuipa ofisi nzima usafi wa moyo wa namna hiyo? Simu ya mkononi ni mbea: inaandika jina la aliyepiga, saa aliyopiga na mara alizopiga, kisha inakuonyesha wewe peke yako. WhatsApp ndiyo kabisa, inapaka alama za buluu ili mtu ajue umesoma na umenyamaza. Mkonga wa ofisi una staha. Unaandika tu kwamba kuna simu mpya 37, bila kusema zilikuwa za nani kuzipokea.

Wanaoagiza vitako vya kisasa, vinavyopitisha mazungumzo kwenye intaneti, wamepanua neema hii. Yealink W60B, kwa mfano, inabeba mikonga 8 na mazungumzo 8 kwa wakati mmoja. Watu wanane wanaweza kutopokea simu nane tofauti, wala mmoja asimzuie mwenzake.

Kuna pia kusubirishwa. Aliyebuni muziki wa kumliwaza anayesubiri ni Alfred Levy, mwenye kiwanda Marekani. Waya uliolegea pale kiwandani uligusa chuma cha jengo, jengo likageuka redio, na waliokuwa kwenye simu wakasikia matangazo ya kituo cha jirani. Akaiombea hataza ajali hiyo mwaka 1962, akapewa mwaka 1966. Baadaye Tim Carleton na Darrick Deel, vijana wawili, walirekodi mwaka 1989 kipande kiitwacho Opus No. 1, ambacho kilikuja kuwekwa ndani ya simu za Cisco na sasa kimesikilizwa na watu wengi kuliko nyimbo nyingi za mastaa, wote wakiwa wamekasirika. Mifumo midogo mingi isiyo na waya haina anasa hiyo. Ukimsubirisha mtu inampa kimya kitupu, naye hajui kama bado yupo au amekatwa. Anasema "haloo" mara tano, na salio lake linateremka. Karani amekwenda kumtafuta mhusika, akakuta watu wanakata keki ya kumuaga mwenzao, akabaki. Subira huvuta heri, na heri yenyewe hapo ni kipande cha keki, ila imemwendea aliye upande wa pili wa laini.

Uzuri wa simu hii unaanza dukani. Simu ya laini mbili kwa kawaida huzipokea zote kupitia kitundu kimoja ukutani, na kitundu hicho kinataka nyaya nne: mbili za katikati kwa laini ya kwanza, mbili za pembeni kwa ya pili. Waya mwingi unaouzwa una nyaya mbili tu. Ukinunua huo, taa ya laini ya kwanza itafanya kazi na ya pili itabaki pambo, huku ankara ya laini zote mbili ikija kila mwezi bila kukosa. Nafahamu ofisi iliyolipia laini ya pili hivyo kwa muda mrefu na kuisifu kwa utulivu wake. Muuzaji hakusema, mnunuzi hakuuliza, fundi alilipwa kwa kuchomeka na akachomeka.

Tena kuna simu za zawadi. Shemeji anarudi likizo kutoka Houston na boksi zuri lililoandikwa DECT 6.0. Sita hiyo haina maana ya toleo la sita wala ya gigahezi sita. Ni sita ya watu wa mauzo. Kiwango cha DECT cha simu zisizo na waya kilizaliwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kinatumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900. Marekani masafa hayo yalikuwa na wenyewe, kwa hiyo simu za huko zikapewa 1920 hadi 1930. Kwetu, kama Ulaya, hapo ndipo simu za mkononi zinapozungumza na mnara. Kwa hiyo kisanduku cha shemeji, kikiwashwa ghorofani mjini, kinaweza kuuvuruga mnara wa jirani. Ni kifaa gani cha mezani chenye makuu kiasi hicho? Bahati nzuri mara nyingi hakifiki huko. Adapta yake imezoea volti 120, soketi yetu inatoa 230, na makuu yote yanaishia kwenye harufu ya plastiki iliyoungua. Shemeji haambiwi. Anaambiwa simu ni nzuri sana, inasikika vizuri.

Zilizotangulia zilikuwa na fadhila zao pia. Simu za kizamani za megahezi 46 na 49 hazikuficha maneno. Jirani mwenye mkonga wa namna hiyohiyo, au mwenye kifaa cha kusikilizia mtoto anavyolia, aliweza kufuatilia mazungumzo yako hadi mwisho. Ujirani ulikuwa ujirani. Zikaja za gigahezi 2.4, zilizozongwa na Wi-Fi na kukwaruza kila mtu alipopasha wali kwenye maikrowevu. Za DECT zimetunyima yote hayo.

Zimetuachia ukuta. Kwenye boksi wanaandika mita 50 ndani ya jengo na mita 300 mahali pa wazi. Aliyeandika hajapita Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako ukuta wa mawe na chokaa unalinyonya wimbi la redio kabla halijafika ukumbini. Ghorofa zetu za zege na nondo nazo si haba. Mtu anaanza kusema akiwa mapokezi "bei yetu ya mwisho ni," anapita mlango wa chuma, na aliyeko upande wa pili anabaki kuibuni bei. Wapo wanaonunua kifaa cha kurefusha masafa. Hao ndio wanaoharibu biashara.

Lakini sifa kubwa kuliko zote inajidhihirisha umeme ukikatika. Simu ya waya ya kizamani haikujali mgao. Kituo cha simu kiliipelekea volti zake 48 kupitia waya uleule wa shaba, kwa betri zilizoko kituoni, na mtaa mzima ukiwa gizani simu ililia kama kawaida. Udhalimu mtupu. Huna feni, huna kompyuta, huna chai, lakini mteja anakupata. Simu isiyo na waya ina utu. Kitako chake kikikosa umeme kinanyamaza, laini zote zinanyamaza, na wafanyakazi wanakaa barazani kwa heshima. Hata pasipokuwa na mgao inawezekana kupanga: kitako kichomekwe kwenye soketi moja na birika la chai. Saa nne kamili mtu anachomoa adapta bila kuangalia, maji yanachemka, na ofisi inapata nusu saa ya amani ambayo mwajiri hakuipanga kwenye mkataba.

Betri nazo zinasaidia. Ndani ya mkonga kwa kawaida mna betri mbili ndogo za kuchaji, za volti 1.2 kila moja, zinazolingana umbo na zile za rimoti. Anayetaka kuwasha kiyoyozi anajua pa kuzipata. Halafu mwema mmoja anarudisha mahali pake betri za kawaida za dukani, zisizotakiwa kuchajiwa. Mkonga unajaribu kuzichaji, zinavuja, na kutu inaotesha maua meupe kwenye vyuma. Kitako kina kitufe cha kuuita mkonga uliopotea ili ulie ujulikane ulipo. Mkonga usio na chaji hauitiki, na kwa kawaida uliopotea ndio usio na chaji.

Yapo matoleo yanayoiunganisha simu ya mkononi ya bosi na kitako kwa Bluetooth, ili naye apokee kwenye mkonga wowote. Bosi hufurahi sana siku ya kwanza. Siku ya pili anayemdai anapiga, na mikonga sita inatangaza jina lake kwenye vioo, jikoni hadi stoo. Siku hiyo, nakuhakikishia, kila mtu anawahi kupokea.

Nakiri wapo wenye tabia ya kutaka kuwajibu wateja. Kwa hao njia ipo na si ghali. Wahesabu watu wanaopiga kwa wakati mmoja kabla ya kuhesabu laini. Wanunue chombo cha masafa ya 1880 hadi 1900 na adapta ya volti 230. Waupange mkonga wa mapokezi ulie kwanza na mingine ifuate baada ya miito kadhaa, kwani mifumo mingi mizuri inaruhusu. Waandike jina la mtu juu ya kila mkonga, wabadilishe betri za kuchaji kila mwaka au miwili, na kama bado wana laini ya shaba, wabakishe simu moja ya waya juu yake kwa siku za giza. Kwa kitako cha intaneti, wakiwekee pamoja na ruta betri ya akiba. Mimi nimekueleza kwa sababu umenivumilia hadi hapa, sikukutuma. Ukifanya hivyo simu zitaanza kupokelewa, na wateja wakianza kukuuliza mizigo yao iko wapi, usinitaje.