Jinsi ya Kulala Magadi Bila Kulipa Ndururu

Hifadhi za taifa zimetuharibia raha. Kiingilio unakilipia kwenye eCitizen kabla hata hujafunga buti ya gari, langoni unakaguliwa, na jioni askari wa wanyamapori anapita kukuuliza kama moto umeuzima. Mtu mwenye akili timamu, na mwenye mkopo wa simu unaomsubiri, hawezi kuvumilia hayo. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, magari hutoka Nairobi yakapitia Kiserian, yakateremka bondeni hadi Ziwa Magadi. Huko hakuna lango la hifadhi, hakuna bafu, hakuna mtu wa mapokezi, na kitanda cha usiku mmoja ni ardhi tupu isiyo na bei. Mwongozo huu umeandikwa kwa heshima yao.

Kanuni ya kwanza ni kuondoka umechelewa. Mmekubaliana saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo gari linang'oa nanga saa nane mchana, baada ya mmoja kusahau chaja, wa pili kupitia kwa kinyozi, na wote kusimama Kiserian kununua nyama. Kutoka Nairobi hadi mji wa Magadi ni kilomita 100 na ushei, na njiani unashuka zaidi ya mita 1,000, kutoka baridi ya Ngong hadi joto ambalo mchana hupita nyuzi 35 bila kuomba radhi. Baada ya mji, ukielekea chemchemi za maji moto upande wa kusini, lami inakuaga. Ukijipanga vizuri utafika giza likiwa limetanda kabisa, na faida yake ni kwamba hutaona unapopigia hema.

Gizani, mahali panapovutia kuliko pote ni korongo kavu. Mchanga safi, hauna mawe, na kingo mbili za kuzuia upepo. Usijisumbue kuuliza nani aliusawazisha. Ni maji, nayo hurudi bila kupiga simu: mvua ikinyesha milimani, mafuriko yanakukuta usingizini hali kwako halijadondoka hata tone. Waoga hupanda juu, kwenye ardhi ya mwamba, na huko ndiko iliko burudani ya vigingi. Unakishika kigingi, unakigonga kwa jiwe, kinaingia nusu kidole, kinakutana na mwamba wa volkano, kinapinda. Unasogea hatua moja, unajaribu kingine. Kinapinda. Vyote vikishapinda, yule mwenzenu ambaye hajasema neno tangu Kiserian atafunga kamba za hema kwenye mawe manne makubwa, na kazi itakuwa imekwisha kabla hujamaliza kufuta jasho. Usimshukuru, atazoea vibaya.

Maji usibebe. Mtu anakwenda ziwani na maji? Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba 100 hivi, na ukifika utaona kwamba sehemu kubwa ni magadi matupu, meupe, mahali pengine yenye rangi ya waridi, yenye ugumu wa sakafu. Haya ndiyo yale yale ambayo shangazi yako huweka kijiko kidogo kwenye maharage ili yaive upesi. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, reli ikajengwa kutoka Konza ili kuyasafirisha, na kiwanda kipo hadi leo. Sasa tafakari jambo moja: kiwanda hicho, pamoja na wahandisi wake wote na zaidi ya karne moja ya kuishi kando ya ziwa, hunywa maji yanayoletwa kwa bomba kutoka milima ya Nguruman. Lakini wewe umekuja na chupa mbili na kreti ya soda, na bila shaka unajua wasilolijua. Wale wasiojua hubeba lita tano za kunywa kwa kila kichwa kwa siku, kisha huongeza mtungi wa kupikia na wa kunawa, na mwingine wa rejeta ya gari.

Tukiwa bado kwenye gari: ukishaamka na kuona ule weupe unaong'aa, utapata hamu ya kuendesha juu yake ili upigwe picha. Fanya hivyo, hasa kama gari ni la kuazima. Ukiwa kwa miguu, tabaka la juu hulia chini ya kiatu, linakatika vipande vyembamba, na kwenye ufa unachomoza udongo mweusi wenye harufu ya yai viza. Hiyo ni kwa uzito wa mtu. Gari lenye tani mbili hupokewa kwa ukarimu zaidi: linaingia hadi ekseli, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo linavyokaa vizuri. Hapo utaanza kujadiliana bei na mwenye trekta huku gari likiendelea kushuka, na sijui biashara nyingine ambayo muuzaji anahitaji maneno machache kuliko hiyo.

Jambo linalowashangaza wengi ni wenyeji. Ulidhani umefika mahali pasipo na mtu, maana kwenye ramani ya simu pako tupu. Hujamaliza kushusha viti, mzee wa Kimaasai amesimama pale kando na fimbo yake, shuka begani, na kijana mmoja nyuma yake. Alikuona tangu taa za gari lako zilipokuwa bado mlimani. Mjuaji atampungia mkono na kuongeza sauti ya spika. Ila hata mjuaji, akiwa na bahati, huwa na yule mwenzake mnyamavu, ambaye atakwenda, atasema "Sopa" na kungoja kujibiwa.

"Mmefika salama?"

"Tumefika, mzee. Tulitaka kulala hapa usiku mmoja tu. Hapa ni pa nani?"

"Hapa? Hapa ni petu."

Na kweli ni pao. Bonde hili lina ranchi za jamii, Olkiramatian na Shompole zikiwa mbili zinazojulikana zaidi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeweka njia ya ardhi za namna hiyo kuandikishwa kwa jina la jamii yenyewe. Kinachoonekana kwa macho ya mtu wa mjini kuwa pori lisilo na mwenyewe ni malisho yenye ratiba. Kuna upande wa kulishia wakati wa mvua, na kuna upande ambao ng'ombe hawapelekwi hadi kiangazi kikaze. Hizo nyasi ulizoegesha gari juu yake huenda ndizo akiba yenyewe. Kwa hiyo ukikuta kizuizi cha jamii na kijana mwenye kitabu cha risiti, lipa, chukua risiti, na usianze kumweleza kwamba ulisoma mahali kuwa ni bure. Ukitaka mlinzi wa usiku, au mtu wa kukuonyesha chemchemi isiyochoma, pataneni bei mchana, kabla hamjalala, na uwe na noti mkononi. Nje ya mji mtandao huja na kuondoka, na pesa za kwenye simu isiyo na mtandao ni hadithi tu.

Kuhusu moto sina mengi. Beba meko. Mjuaji hatabeba, kwa kuwa "kuni ziko kila mahali", na kwa kweli gizani atakuta rundo zuri la matawi makavu ya miiba, yamepangwa kwa duara, tayari kabisa. Akishakoka moto wa kupendeza kwa nusu ya rundo hilo, atakuwa amefungua boma la mbuzi wa mtu. Fisi wa eneo hilo watamshukuru. Mwenye mbuzi atakuja asubuhi, na kwa bei atakayotaja chumba cha hoteli Nairobi chenye kifungua kinywa kitaonekana sadaka.

Sasa choo, ambacho kila mtu alitaka kuuliza tangu mwanzo akaona haya. Hakuna. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Magadi mgeni huja na jembe lake mwenyewe, na hulihitaji siku ya kwanza kabla ya saa tatu asubuhi. Tembea hatua mia moja kutoka penye maji, pawe ni chemchemi, kijito au korongo. Chimba shimo la kina cha kiganja kizima kilichonyooshwa, maliza shughuli, fukia. Karatasi usiziache: zitie kwenye mfuko wake na uondoke nazo, kwa sababu katika ukame ule haziozi, zinapeperuka tu hadi kwenye mgunga wa karibu na kuning'inia hapo mwezi mzima zikimtambulisha aliyepita. Mgunga wenyewe usiuegemee wakati wa shughuli. Miiba yake hutoboa tairi, na wewe huna spea.

Kama unaona huu ni usumbufu, mfikirie samaki wa Magadi. Katika vidimbwi vya chemchemi kuna samaki wadogo wa jamii ya tilapia, asili yao ni hapa, wanaoishi katika maji ya nyuzi 40 na zaidi yenye magadi ya kuchubua ngozi. Samaki wengi duniani hutoa uchafu wa mwili kama amonia, ukaenda zake na maji. Maji ya hapa hayaruhusu hilo, kwa hiyo samaki huyu amekuwa akitoa urea, kama tutoavyo sisi katika mkojo. Yaani amebadilisha mwili mzima ili aendane na choo alichopewa, wala hakuandika malalamiko. Wewe umeombwa kubeba jembe.

Kuoga kwenye chemchemi kunaruhusiwa na kunapendeza, ilimradi umwulize kwanza yule kijana ni ipi. Si zote ni za binadamu: nyingine zina moto wa kukupeleka hospitali, na ya karibu haiko karibu. Usiingie na kidonda. Usiingie na sabuni, maana ng'ambo ya pili wako heroe wanatafuta riziki yao katika maji hayo hayo. Ukitoka, jisuuze kwa maji ya mtungi, la sivyo utakauka na kuwa na unga mweupe mwili mzima, na hutakuwa na haja ya kumwambia mtu ulikokuwa.

Usiku ndio mjuaji hung'ara. Mabaki ya nyama huyaacha nje kwenye sufuria ili "ayaoshe asubuhi", na viatu huviweka mlangoni kwa adabu, kama anavyofanya kwa mama mkwe. Fisi hawabagui kati ya vitu hivyo viwili: ngozi ni ngozi. Kiatu ambacho fisi hakukipenda huenda nge amekipenda, kwa hiyo asubuhi kigonge kichwa chini kabla ya kuvaa. Lala ndani ya neti. Hema lifunge zipu hadi mwisho, hata joto likikubana, na chakula kiwe ndani ya gari lililofungwa vioo, kwa kuwa fisi akiondoka alfajiri nyani huingia zamu, na nyani anajua kufungua begi kuliko wewe. Spika izime. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho Magadi inacho na Nairobi haina, kimya cha kusikia kengele ya ng'ombe iliyo mbali sana, na wewe umesafiri kilomita 100 kukifunika kwa wimbo uliousikia kwenye matatu asubuhi ile ile.

Kufika saa tatu asubuhi hema halikaliki. Nzi wameamka, kivuli cha mgunga kinatosha mtu mmoja na nusu, na mazungumzo yamepungua. Huo ndio wakati wa kufungasha, na ndipo swali la taka linapokuja.

Ulipokuwa ukishuka uliipita Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba miaka ya 1940. Mamia ya maelfu ya miaka iliyopita palikuwa na ziwa pale, na watu wa kale walikaa kandokando yake, wakachonga mashoka ya mawe, wakachinja wanyama wao na kuyaacha mashoka popote walipochokea. Yako mengi ajabu, yametapakaa hadi leo pale pale. Mwaka 1947 mahali hapo palifunguliwa kwa umma, na leo kuna njia ya mbao iliyoinuliwa ili wageni wapite juu wakitazama takataka za wapiga kambi hao. Usitiwe moyo na mfano huo. Chupa yako ya plastiki hakuna makumbusho yatakayoitaka, na mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku Kenya nzima tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo ukiuacha unaacha ushahidi. Tia vyote kwenye gunia: makopo, maganda, vigingi vilivyopinda, na ule mfuko wa karatasi ambao hakuna anayetaka kukaa nao kiti kimoja. Ufikishe gunia hadi Nairobi, kwenye pipa la nyumbani kwako. Usiliache kwa bahati mbaya mbele ya duka la Kiserian mnaposimama kununua maji baridi. Mwenye duka hakuwa kwenye safari yenu.