Jinsi ya Kupika Maharage Bila Kumaliza Msitu

Mahitaji: maharage kilo moja, kitunguu, nyanya mbili, nazi, chumvi, sufuria yenye mfuniko wake halali, na kilo kumi za mti.

Hicho kiungo cha mwisho huwa hakitajwi mtu anapoelezwa mapishi, ila kila anayepikia mkaa anakitumia. Mkaa wetu mwingi huchomwa porini kwenye tanuri la udongo, na tanuri hilo ni lafi: ili litoe kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Maharage makavu yakitupwa tu sufuriani na kuachwa yatokote mpaka yatakapojisikia kuiva, zaidi ya kilo ya mkaa inaweza kwenda bila mtu kushtuka. Sasa zidisha kwa Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya mwaka 2022, ambako mkaa ndio unaopikia nyumba nyingi. Malori yanaupakia Morogoro, Tanga na Pwani. Karibu zaidi, ukitoka Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe, kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, yenye mimea ambayo baadhi yake haioti kwingine kokote duniani. Nayo imemegwa kwa ajili ya mkaa miaka na miaka. Misitu hiyo naipenda, na ninaamini inaweza kulindwa na watu ambao hawajawahi kuikanyaga, wakiwa jikoni kwao na mwiko mkononi.

Anza jana. Maharage ya leo jioni hupembuliwa jana usiku, mawe yakatolewa, yakalowekwa kwenye maji mengi yakalala humo. Asubuhi utayakuta yamefura, ngozi imelainika, nusu ya kazi imefanywa na maji ya bomba ukiwa umelala. Muda wa kupika unapungua karibu nusu. Maji hayo yamwage kwenye mchicha au mpapai nje, kisha weka mengine.

Jiko nalo lichunguzwe. Jiko la bati tupu linapasha miguu ya mpishi, ukuta wa jirani na paka aliyelala pembeni, halafu sufuria inapata kinachobaki. Jiko lenye udongo wa kufinyangwa ndani, lile lililoanza kusambaa kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, linabana joto na kuokoa kati ya theluthi na nusu ya mkaa. Ukilinunua, pitisha kidole pale udongo unapokutana na bati. Pakiwa na mwanya au udongo unacheza, lirudishe, chagua jingine. Udongo ukipata ufa baada ya miezi ya matumizi, uzibe mapema, maana ufa mdogo ndio unaoangusha kipande kizima.

Sasa tufike kwenye mfuniko, na hapa naomba tusikilizane. Mfuniko si pambo la kabatini wala si wa wageni. Ukae juu ya sufuria tangu maji yanapobandikwa. Kuna watu hawawezi kupita karibu na sufuria bila kufunua: shangazi anafunua aone, kijana anafunua anuse, mgeni anafunua kwa heshima tu. Kila mkono unaofunua unaachia mvuke ambao mkaa umeshaulipia. Wape kazi nyingine, waambie wakune nazi. Na maji yakishachemka, punguza makaa. Hapa pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100 na sufuria ya kawaida haiyapeleki zaidi ya hapo, hata ukilimwagia jiko gunia zima. Moto mkali baada ya hapo hauivishi haraka, unakausha mchuzi tu.

Mwenye haraka ya kwenda kazini aongeze hatua hii. Maharage yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu kama nusu saa, yaipue bila kufunua, izungushie sufuria kanga kuukuu na blanketi, iingize kwenye kapu lililoshindiliwa matambara, funika tena juu. Yataendelea kuiva kwa joto lake lenyewe saa kadhaa bila kipande cha mkaa. Usifupishe ule mchemko wa mwanzo, kwa sababu maharage mekundu yasipochemka vizuri yana sumu inayotapisha. Ukirudi, yachemshe tena ndipo utie nazi.

Makaa yanayobaki baada ya kuipua usiyaache yajifie. Yachukue kwa koleo, yatie kwenye sufuria kuukuu, funika kabisa. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho unaanza nayo. Jiko lenye makaa lisiingie chumbani kupasha joto au kufukuza mbu: gesi yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Mwenye umeme ana njia fupi kuliko zote, jiko la umeme la presha. Kilo ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja. Najua jina la umeme likitajwa watu wanashika mfuko, basi usiniamini mimi: soma LUKU kabla ya kubonyeza, isome tena maharage yakiiva, linganisha na ulichomlipa muuza mkaa. Kikwazo halisi kiko kwenye nyumba za kupanga, mita moja kwa wapangaji sita, ambako jiko la umeme huzua ugomvi kabla halijapika chochote. Dawa yake ni daftari lililotundikwa kando ya mita, kila anayepika anaandika namba ya kuanzia na ya kumalizia. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, na ningependa wanaousimamia wakae jioni moja kwenye ua wa nyumba ya namna hiyo.

Kama bado unanunua mkaa, na wengi tutaendelea kwa muda, uliza.

"Kaka, mkaa huu wa wapi?"

"Wa porini, mama."

"Pori lipi?"

"He! Mama, unanunua mkaa au unanunua pori?"

Mjibu kwamba unataka mkaa leo na pori mwakani. Kuna sababu ya kung'ang'ania. Wilayani Kilosa vipo vijiji vilivyoanza, tangu mwaka 2012, kuvuna mkaa kwa mpango: sehemu tu ya msitu wa kijiji inatengwa, inakatwa kwa vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50, na kitalu kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24. Miti ya miombo huchipua kutoka kwenye kisiki kikiachwa na mizizi hai, eneo lisipochomwa wala kulimwa. Ushuru unabaki kijijini ukajenga madarasa na zahanati, na wanakijiji wanakuwa na sababu ya kuulinda msitu wao dhidi ya mwenye shoka anayekuja usiku. Muuzaji wako huenda hajui mkaa wake ulikotoka. Muulize tena ukirudi, na umwambie jirani naye aulize, mpaka achoke na kumuuliza mwenye lori kabla hajashusha mzigo.