Cheti Changu na Birika la Masijala

Sebuleni kwa mama, Tabata, kuna ukuta wa heshima. Yupo babu na kanzu yake, ipo saa iliyogoma tangu sijamaliza chuo, na katikati kipo cheti changu cha A+ kilichopigwa laminesheni. Mgeni akiingia, mama humwonyesha cheti kwanza, maji ya kunywa baadaye. Mgeni akiuliza saa ngapi, mama huchungulia simu yake. Hakuna anayeniambia kitu, ila najua wanachowaza: fundi gani huyu, saa ya ukutani imemshinda?

Pamoja na aibu hiyo, kila wiki anabisha hodi mtoto wa jirani mmoja: "Kaka, nikafanye A+? Nitapata kazi ya IT?" Nimechoka kujibu mlangoni nikiwa na taulo na povu masikioni. Najibu hapa, mara moja, kwa mtaa mzima.

A+ ni cheti cha CompTIA ya Marekani, kipo tangu 1993, na kinawalenga wanaoanza kazi ya kuhudumia kompyuta na watumiaji wake. Kuanza kwenyewe ni mitihani miwili. Kila mmoja una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na kila mmoja unalipiwa peke yake, kwa dola. Yangu ilikula kodi ya miezi minne. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akiniombea dua kuliko mama. Alama zinahesabiwa kuanzia 100 hadi 900. Mtihani wa kwanza unafaulu kwa 675, wa pili kwa 700. Hizo 100 za mwanzo nadhani ni pole ya nauli. Nilipokwisha kulipa ndipo nikasoma kwamba wenyewe wanashauri uje na uzoefu wa miezi 12 hivi. Yaani cheti cha kuanzia kazi kinakutaka uwe umeshaianza.

Nikasoma hivyo hivyo. Nikakariri hatua saba za printa ya leza: data huchakatwa, silinda huchajiwa, mwanga huichora, tona hunata, tona huhamia kwenye karatasi, joto huigandisha, silinda husafishwa. Niamshe usiku wa manane nitazitaja zote kabla sijataja jina langu.

Nikafaulu, cheti kikaja kwa barua pepe. Nikaenda steshenari ya kituoni kukichapa kwa rangi. Printa ikameza karatasi, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Nikajisogeza kwa madaha, nikamweleza dogo wa pale kwamba tatizo huenda liko hatua ya tano au ya sita. Dogo akanitazama kwa huruma, akafungua kifuniko cha nyuma, akaivuta karatasi polepole kama anayechomoa mwiba, akapuliza, akafunga kwa kofi moja. Cheti kikatoka. "Hii inataka kubembelezwa, braza. Elfu mbili." Nikamlipa mtu asiye na cheti, aliyetengeneza printa mbele yangu, ili anichapie cheti cha kujua kutengeneza printa.

Tuje kwenye kazi. Matangazo ya nafasi za kuanzia yana ugonjwa wake: "awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu." Nilipeleka bahasha miezi saba, ikaniita ofisi moja tu. Afisa utumishi akakishika cheti, akakigeuza nyuma, akakuta kweupe. "Hii A jumlisha ulipata somo gani?" Nikaeleza kwamba si alama, ni jina la cheti. Akaandika kwa makini, kisha akauliza: "Sawa. Na masomo mengine ulipata ngapi?"

Nilikuwa nimeshaanza kuifikiria daladala ya kurudia nyumbani. Kilichoniokoa ni projekta. Maswali yao yalikuwa kwenye kompyuta, na projekta ikagoma kuyaonyesha. Wakaminya kila kitufe. Wakamwita dereva, maana ofisini kwao dereva ndiye aliyekuwa fundi wa kila kitu. Dereva naye alikuwa safarini Morogoro. Nikaomba ruhusa, nikainama chini ya meza. Waya ulikuwa umechomekwa nusu. Nikausukuma, ukuta ukawaka. Mwenyekiti akawageukia wenzake: "Huyu anajua." Nikaajiriwa.

Nilipozoeana na yule afisa utumishi nilimuuliza kwa nini katika bahasha zote waliita yangu. Akasema: "Zilikuwa nyingi, baba. Yako ndiyo ilikuwa na karatasi ya rangi." Ile elfu mbili ya dogo wa steshenari ndiyo pesa iliyonilipa kuliko zote nilizotoa.

Lakini nisikitukane cheti, nacho kilinilisha. Ndani ya mtihani ule mna mpangilio wa hatua sita za kutafuta tatizo: muulize mtumiaji upate tatizo lenyewe, kisia chanzo, ukianza na kile kilicho wazi, pima kisio lako, panga na utengeneze, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, andika ulichofanya. Hiyo ya pili ndiyo iliyonipeleka chini ya meza siku ile. Kabla ya kusoma ningeanza kuzungumzia programu na mafaili, nikamaliza kwa kufuta Windows ya watu.

Kasoro ya mpangilio ule ni hatua ya kwanza. Waliouandika hawajakutana na mama wa masijala wa ofisini kwetu. Jumatatu moja, saa mbili na nusu asubuhi, alinipigia akihema: kompyuta imekufa, na mkurugenzi anataka faili sasa hivi. Nikaenda. "Mama, shikamoo. Umegusa kitu?" "Marahaba. Mimi? Sijagusa chochote." Hakuna mtumiaji aliyewahi kugusa kitu. Kompyuta zetu huguswa na majini usiku.

Nikaufuata waya kutoka kwenye kompyuta, nikapita chini ya meza, nyuma ya kabati, juu ya magunia mawili ya mafaili, mpaka ukutani. Pale kwenye soketi ya kompyuta palikuwa na plagi ya birika. Maji yalikuwa yanachemka. Vikombe vinne, majani ya chai na maandazi vilikuwa vimeshapangwa. Nikatazama birika, nikamtazama mama. Akasema kwa upole: "Na wewe utakunywa, mwanangu?" Nikarudisha plagi, nikahakikisha kompyuta imewaka, nikafuata hatua ya sita kama nilivyofundishwa. Kwenye daftari la matengenezo, safu ya chanzo cha tatizo, niliandika: birika. Nikanywa chai yangu, nikaondoka.

Jambo ambalo mtihani haukugusa hata kwa swali moja ni ndugu. Ukishakuwa na cheti ukutani, umekuwa fundi wa kila chenye waya. Shangazi ananiletea king'amuzi. Mjomba ananiletea feni. Jirani alinigongea saa nne usiku na blenda yenye parachichi ndani. Ukisema hiki si cha kompyuta, unaambiwa: "Sasa ulisomea nini?" Malipo ni "Mungu akuzidishie," nami nauliza, azidishe nini? Blenda?

Halafu vyeti vyenyewe vinakufa. A+ ya siku hizi inaishi miaka mitatu, kisha uihuishe. Aliyeipata kabla ya 2011 yake ni ya maisha, na wa aina hiyo nina mmoja ofisini, hanyamazi. Microsoft nao walikistaafisha cheti chao cha MCSE Januari 2021, na wajomba waliokitundika wakabaki na picha ya marehemu. Changu kilikwisha muda mwaka jana. Ofisini hakuna aliyegundua. Kwa mama kingali ukutani, jirani na saa ile, vyote viwili vimesimama.

Juzi nilipita steshenari. Yule dogo akaniuliza: "Braza, na mimi nikaufanye ule mtihani?" Hapo sikuwa na taulo, nikamjibu vizuri. Nenda. Wewe mikono unayo. Umebembeleza mashine na wateja wakorofi miaka minne, lakini hakuna afisa utumishi atakayekuja hapa kituoni kukuona unavyofungua kifuniko. Cheti kitakusemea mahali usipokuwepo. Ila mtoto wa jirani yangu, ambaye hajawahi kufungua kompyuta hata kufuta vumbi, namwambia aweke pesa ya mtihani kwanza. Akae steshenari kwa dogo mwaka mmoja, apigiwe kelele na wateja, ndipo aende. Mimi nilianza na karatasi, mikono ikaja baadaye, na projekta isingegoma siku ile ningekuwa bado nasambaza bahasha.

Na wewe msomaji mwenye namba yangu: kabla hujanipigia, fuata waya mpaka ukutani. Ukikuta birika, niwekee kikombe.