Namna ya Kumtetea Mwenye Basi Bila Kumtesa Mjane

Wakili kijana, kampuni ya bima imekukabidhi faili la ajali kubwa ya Kitui au Makueni, nawe unalainisha koo tayari kusema, "Mheshimiwa, ilikuwa kazi ya Mungu." Meza maneno hayo kwanza. Nenda ukautazame mto.

Nenda Enziu, karibu na Mwingi. Tarehe 4 Desemba 2021 basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye daraja lililofunikwa na maji, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kisha teremka hadi Ngai Ndethya, huko Makueni, ambako Januari 1993 mafuriko yalibomoa daraja la reli, treni ya abiria ikatumbukia na watu zaidi ya 100 wakaangamia. Mito ya Ukambani hukauka hadi watu wakachimba mchanga kutafuta maji, halafu mvua ikinyesha huko juu hufurika ghafla. Hata mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo. Ukimwambia hakimu kwamba mafuriko ya msimu wa mvua hayakutazamiwa, jiandae kuulizwa umekulia wapi.

Usimdai mjane hati ya mshahara wa marehemu aliyekuwa akiuza maembe sokoni Wote. Mahakama ya Rufani ilishakataa mwaka 2005 dhana kwamba kipato huthibitishwa kwa karatasi tu, kwa kuwa Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka rekodi. Kulirudia swali hilo leo ni uvivu uliovaa joho.

Acha pia wimbo wa "naomba tarehe nyingine". Mashahidi wametoka Nuu na nauli ya kuazima. Wadai wakiwa wengi katika ajali moja, Agizo la 38 la Kanuni za Kesi za Madai za 2010 linaruhusu kesi moja ichaguliwe kuwa kipimo cha nyingine. Iombe. Lawama ikishaamuliwa humo, kitakachobaki ni hesabu ya fidia.

Sasa tufike penye uzito. Anayekulipa ni kampuni ya bima, lakini aliyeshtakiwa ni mwenye basi. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inailazimisha bima kugharamia hadi shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Zaidi ya hapo, mzigo unaweza kumwangukia mwenye basi mwenyewe, auze gari, pengine na shamba. Upande wa pili ukikubali kiasi kisichozidi kikomo hicho, na kampuni ikataka kubahatisha mahakamani, mwandikie mwenye basi siku hiyo hiyo umweleze hatari inayomkabili. Wakubwa wa bima watanuna. Waache wanune; wewe ni wakili wa mtu huyo.

Ukali wako uweke kwa abiria hewa. Wadai 20 wakijitokeza kwa matatu ya viti 14, fungua kitabu cha matukio cha polisi na rejista ya hospitali, linganisha majina, tarehe na majeraha, kisha wahoji bila huruma, kwa maana wanawaibia walioumia kweli. Ukishawachuja, waandikie mawakili wa waliobaki pendekezo la malipo, kabla kesi haijapangiwa tarehe.